Nimepangiwa kutoa neno la shukrani kwa ajili ya marehemu mama, na moyoni sina shukrani

Mama mshauri, shikamoo.

Nakuandikia usiku, watoto wamelala. Nina miaka 41, kwetu ni Rungwe, nimeolewa na ninaishi Dar es Salaam. Nyumbani tumezaliwa wanne, wote tumekulia Kanisa la Moravian. Baba alitutoka tukiwa wadogo. Mama ndiye aliyetulea kwa ndizi, maziwa ya ng'ombe wake mmoja na sweta alizokuwa akifuma. Kwetu kuna baridi, na watoto wengi wa pale kijijini wamewahi kuvaa sweta ya mama.

Mama alipata kiharusi. Upande wa kulia ukafa na maneno yakapotea karibu yote. Kikao cha ukoo kikaamua aje kwangu kwa sababu ya hospitali, na kwa sababu, walivyosema wao, mtoto wa kike ndiye anayejua kumuuguza mama. Kwangu alikaa miaka minne. Kitanda chake tulikiweka sebuleni, karibu na dirisha. Nilikuwa namgeuza kila baada ya saa chache asipate vidonda, na binti anayenisaidia kazi za nyumbani alikuwa akinipokea usiku ili nami nipate usingizi kidogo kabla ya kwenda kazini. Kaka zangu walituma hela walipokumbuka. Kuna miezi nepi za mama nilinunua kwa mkopo wa kikoba. Neno lililombakia mdomoni ni "ndaga", asante ya kwetu. Ukimgeuza, ndaga. Ukimpa uji, ndaga. Ukimfuta uso, ndaga. Mwaka jana, wiki tatu baada ya Pasaka, akafariki.

Sasa kaka mkubwa ameunda kamati ya ibada ya kumbukumbu na shukrani, itakayofanyika nyumbani Jumamosi baada ya Pasaka, na siku hiyo hiyo kaburi litazinduliwa likiwa limejengewa marumaru. Kila mtoto anatakiwa achange shilingi 600,000. Kuna tenti, sare za vitenge, mpiga picha, MC na muziki. Mdogo wangu wa kike ni mjane, hana uwezo huo, ameambiwa akope. Mimi nimepangiwa kutoa neno la shukrani kwa niaba ya familia. Kaka amenitumia orodha ya watu wa kuwataja: diwani, wafanyabiashara wenzake, wageni wa heshima. Binti aliyekuwa akikesha na mama hayumo.

Mama, siwezi. Nikimkumbuka mama, ninachokiona ni vidonda vya mgongoni, harufu ya dawa, na macho yake usiku ule wa mwisho. Nilifunga na kuomba apone, hakupona. Nimshukuru Mungu kwa lipi? Nilipomwambia binamu yangu akanionya nisiwe kama wale wakoma tisa wasiorudi kushukuru. Mwingine kanisani akasema asiyeshukuru hufungiwa milango ya baraka, na labda ndiyo maana mambo yangu hayaendi.

Juu ya hayo, mume wangu ni mlokole, anasali kanisa jingine. Mchungaji wake amefundisha kwamba kwenda makaburini na kufanya kumbukumbu za wafu ni kuabudu mizimu, na mume wangu angependa nisiende. Ni mume mwema. Mama alipokuwa hai yeye ndiye aliyekuwa akimbeba mgongoni kumpeleka bafuni. Sitaki kumdharau.

Je, kushindwa kushukuru ni dhambi? Niende, au nisiende? Na nikienda, niseme nini?

Ni mimi, Binti wa Rungwe.

*

Marahaba, mwanangu. Pole sana.

Nimesoma barua yako nikitafuta mahali ambapo mtu wa kwenu amekuambia asante. Nimemkuta mmoja tu, mama yako mwenyewe, na ulimi wake wenyewe ulikuwa umeshafungwa. Kwa hiyo kabla ya jambo lolote nami nakuambia: asante, mwanangu. Kumgeuza mgonjwa wa kiharusi usiku na mchana kwa miaka minne ni kazi ambayo hospitali huwapangia watu kwa zamu. Wewe ulikuwa na msaidizi mmoja, na asubuhi ulikuwa na kazi ya kwenda. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na ndugu zako hawakukilalia kitanda hiki. Ninaona kwamba sehemu ya uzito ulio nao si ugomvi na Mungu. Ni uchungu wa kuombwa kuwashukuru watu wote mbele ya kipaza sauti wakati wewe hukushukuriwa hata kwa simu. Ni uchungu wa halali.

Sasa lile la dhambi, maana naona ndilo linalokunyima usingizi. Hapana, mwanangu. Mtu anayelia kwa sababu mama yake hakupona hajamkufuru Mungu. Fungua Zaburi ya 88. Imeanza kwa kilio, imeendelea kwa kilio, na imeishia gizani bila hata mstari mmoja wa shukrani. Walioipanga Biblia hawakuiondoa, wala hawakuibandika sifa mwishoni ili ipendeze. Imo humo kwa ajili ya watu walioko mahali ulipo wewe.

Hadithi ya wakoma kumi, katika Luka 17, isitumike kukupiga. Wale kumi walipona wote, na tisa wakaenda zao na uzima wao mkononi. Mama yako hakupona. Binamu yako amechukua neno lililosemwa kwa waliopokea walichokiomba, akamtwika mtu aliyenyimwa. Na yule wa milango ya baraka nakusihi umwache na mafundisho yake. Shukrani inayotolewa ili mambo yafunguke ni rushwa, na Mungu wa Biblia hapokei rushwa.

Najua utaniuliza: mbona Paulo ameandika "shukuruni kwa kila jambo"? Ameandika, ni 1 Wathesalonike 5:18. Lakini isome barua nzima. Sura moja kabla ya hapo anazungumza na watu waliofiwa, maana katika kanisa lile changa kulikuwa na waliokufa na wenzao hawakujua la kufanya na huzuni yao. Hakuwakataza kuhuzunika. Alisema wasihuzunike kama watu wasio na matumaini, basi. Ni watu hao hao, wenye makaburi mapya, aliowaambia washukuru. Kwa hiyo shukrani anayoisema Paulo haikuja kuchukua nafasi ya machozi. Alitegemea vyote viwili vikae katika nyumba moja.

Na tazama Bwana mwenyewe. Wakristo wote, wa Moravian, wa Katoliki, na hata kanisa la mumeo, tunaikumbuka meza ile ambayo Yesu alitwaa mkate "usiku ule aliotolewa", akashukuru, akaumega, akasema fanyeni hivi kwa ukumbusho wangu. Usiku ule ule alitoka akaenda Gethsemane, akaanguka kifudifudi, akaomba kikombe kimwepuke. Alishukuru kwa ajili ya mkate. Sijasoma popote kwamba alimshukuru Baba kwa ajili ya Yuda. Basi nani amekuambia kwamba wewe umshukuru Mungu kwa ajili ya kiharusi? Kiharusi ni ugonjwa. Vidonda vya mgongoni ni maumivu. Hukuitwa kuvipaka rangi.

Kuna sura moja ningependa uisome kwa utulivu kabla hujashika kalamu kuandika neno lako, nayo ni Kumbukumbu la Torati 26. Pale Mwisraeli anaagizwa apeleke malimbuko ya shamba lake katika kapu, na kuhani akishaliweka mbele ya madhabahu, yeye aseme maneno ambayo yameandikwa kabisa. Ungetarajia aseme asante kwa mavuno mema. Hakuanzia hapo. Anaanza kwa kusema baba yake alikuwa Mwarami aliyekaribia kupotea, akashuka Misri wakiwa watu wachache. Kwamba Wamisri waliwatenda vibaya, wakawatesa, wakawatwika utumwa mzito. Kwamba walilia, na Mungu akasikia. Mavuno yanakuja mwisho kabisa. Yote hayo yanatamkwa kwa sauti, mahali patakatifu, siku ya furaha. Mateso hayakufichwa ili shukrani ionekane nzuri. Yalitajwa ndani ya shukrani yenyewe.

Kwa hiyo ukisimama Jumamosi ile na kusema, "Mama aliugua miaka minne, aliteseka, na sisi tuliomba apone, hakupona," utakuwa umefuata desturi ya zamani kuliko kanisa lolote tulilo nalo. Ninaamini, mwanangu, kwamba shukrani yoyote ya Kikristo inayoogopa kukumbuka kilichotokea itakauka mdomoni hata kabla msemaji hajaketi.

Lakini kuna jambo umeliandika linalonihuzunisha zaidi ya mengine. Umesema ukimkumbuka mama unaona ugonjwa tu. Ile miaka minne imeimeza miaka yote iliyotangulia. Huwapata wengi waliouguza muda mrefu, na si kosa lako. Macho yako yalikaa kwenye kitanda kile kila siku. Mama yako hakuwa mgonjwa maisha yake yote. Alikuwa mwanamke aliyefuma.

Katika Matendo ya Mitume sura ya 9 kuna msiba wa mwanamke mmoja wa mji wa Yafa, Tabitha, au Dorkasi. Petro alipofika alipandishwa chumba cha juu, na pale wajane wakamzunguka wakilia, wakimwonyesha kanzu na nguo alizozishona Dorkasi alipokuwa pamoja nao. Hakuna aliyesoma risala. Kila mjane alishika vazi lake. Nilipofika kwenye sweta katika barua yako niliwakumbuka wajane hao hapo hapo. Mwanangu, sweta hizo ziko wapi? Kwetu nyanda za juu sweta haitupwi, hurithiwa na mdogo, na ikichakaa hufumuliwa uzi ukafumwa tena. Mpigie simu mdogo wako aliyeko nyumbani. Mwombe apite kwa akina mama wa rika la mama yenu, awaulize mama yenu alikuwa mtu wa namna gani kabla ya kuugua: alikuwa akiimba sauti gani kanisani, alimkopesha nani maziwa, alifanya nini baba alipofariki akabaki na watoto wanne. Aandike au arekodi kwenye simu. Waliobaki na sweta waje nazo siku ile, wanaoweza kuzivaa wazivae. Hazihitaji mchango wa mtu.

Wewe ni mtoto wa Moravian, basi hili ni la kwenu hasa. Huko Herrnhut, Ujerumani, ambako Wamoraviani walijipanga upya katika karne ya 18, ilikuwa desturi mwamini kuandika habari za maisha yake, majaribu yake na neema aliyoiona, ili zisomwe siku ya maziko yake. Mama yako hakuandika. Watoto wake wanaweza kumwandikia, na ninyi mmekuwa na karibu mwaka mzima wa kumkumbuka.

Nije kwa mumeo. Nimependa ulivyomwandika, kwa hiyo sitamjibu kama adui. Analolihofia lina msingi. Kumbukumbu la Torati 18 inakataza waziwazi kuwaomba wafu na kuwataka shauri, na wengi wetu tumeona misiba ambamo jina la Yesu linatajwa mchana, kisha usiku watu wanamwaga pombe kaburini wakiomba mvua au mtoto. Mwambie mumeo kwamba hapo mko pamoja. Kisha mwombe asome na wewe Waebrania 13:7, isemayo wakumbukeni wale waliowaongoza na kuwaambia neno la Mungu, mkaige imani yao. Mwonyeshe pia 2 Timotheo 1:5, Paulo anapomtaja bibi yake Timotheo, Loisi, na mama yake, Eunike. Kumwomba marehemu na kumshukuru Mungu kwa ajili ya marehemu ni mambo mawili, na Maandiko yanayatenganisha.

Mpe na habari ya Monika, mama yake Agostino, yule askofu na mwalimu mkuu wa kanisa la kale, Mwafrika mwenzetu wa Thagaste, mji ambao leo ni Souk Ahras nchini Algeria. Agostino ameieleza katika kitabu chake cha Maungamo. Kwao Afrika Kaskazini Wakristo walikuwa na desturi ya kupeleka uji, mkate na divai kwenye makaburi ya mashahidi. Monika alipohamia Milano akabeba kapu lake vilevile kama nyumbani, na mlinzi wa mlangoni akamzuia: askofu Ambrosi amekataza, kwa sababu ya ulevi, na kwa sababu ilifanana mno na matambiko ya wapagani kwa wafu wao. Monika hakubisha. Aliendelea kwenda kwenye makaburi yale, lakini akiwa na maombi moyoni badala ya kapu, na kile alichokuwa nacho akawapa maskini. Unaona? Hofu ya mumeo ilishasumbua kanisa zaidi ya miaka 1,600 iliyopita, na jibu lililopatikana halikuwa kuwasahau waliolala. Lilikuwa kusafisha namna ya kuwakumbuka.

Huyu Monika alifariki mwaka 387 huko Ostia, bandari ya Roma, mbali na kwao. Zamani alikuwa amejiandalia kaburi kando ya mumewe, na wanawe wakasikitika kwamba atazikwa ugenini. Akawaambia mwili huu uzikeni popote, msihangaike nao. Ninachoomba ni mnikumbuke mbele ya madhabahu ya Bwana popote mtakapokuwa. Na Agostino, msomi yule, alijikaza asilie mazikoni, akaona aibu, akaenda hata kuoga akidhani maji yatamwondolea huzuni. Hayakumwondolea. Alilala, akaamka, akamlilia mama yake peke yake mbele za Mungu. Kisha akamshukuru Mungu kwa ajili yake, na kuwaomba wasomaji wake nao wamkumbuke. Alilia kwanza, mwanangu.

Wakatoliki huwaombea marehemu wao, na wana siku yao, tarehe 2 Novemba. Ninyi Wamoraviani mna alfajiri ya Pasaka. Tangu mwaka 1732, vijana wa Herrnhut walipokwenda makaburini kabla ya jua kuchomoza na kuimba habari za ufufuo, Wamoraviani duniani wamekuwa wakifanya hivyo, na kwenu Rungwe unaijua kuliko mimi: makaburi yamefyekwa Jumamosi, watu wamejifunika mashuka kwa ukungu, matarumbeta yanapigwa kukiwa bado giza. Katika liturujia ya alfajiri hiyo mna ombi la kudumishwa katika ushirika na wale waliolala tangu Pasaka iliyopita. Mama yako alifariki wiki tatu baada ya Pasaka ya mwaka jana. Maana yake ni kwamba mwaka huu yumo katika ombi hilo, kwa mara ya kwanza. Hakuna mizimu pale. Panatangazwa kwamba Kristo amefufuka, na panatangazwa mahali ambapo tangazo hilo lina kazi ya kufanya.

Ndiyo sababu shauri langu ni uende, na uende mapema, uwe nyumbani Jumapili ya Pasaka yenyewe, usisubiri Jumamosi ya tenti. Lakini usiende kwa kumtoroka mumeo wala kwa kumwambia ukoo umeamua. Keti naye. Mwambie hutamwaga chochote, hutamwomba mama chochote, unakwenda kuimba ufufuo na kutoa ushuhuda. Mwombe aje. Aliyembeba mama mkwe wake mgongoni ana haki ya kusimama kwenye kaburi lake kuliko wageni wa heshima. Akisema dhamiri yake haimruhusu kufika kaburini, aje nyumbani tu akae na watoto, usimlazimishe. Na akikataa kabisa kwamba hata wewe usiende, msilimalize ninyi wawili kwa hasira. Mtafuteni mtu mzima wa imani mnayemheshimu wote, mkae naye kabla ya Pasaka.

Kuhusu sherehe, sina ugomvi na chakula. Walawi 7 inaagiza nyama ya sadaka ya shukrani iliwe siku ile ile, isibaki hata asubuhi, na mtu mmoja hawezi kumaliza ng'ombe kwa siku moja; lazima aite watu. Mlo wa shukrani ni wa kugawa. Ninachokataa ni mjane kukopa kwa ajili ya sare. Kumbukumbu 26 ile ile inasema atakayefurahi siku hiyo ni pamoja na Mlawi na mgeni, yaani asiye na shamba. Haikusema asiye na shamba akope kwanza. Mpigie kaka yako sasa, muda ungalipo, usimwandikie kwenye kundi la familia ambako atajitetea mbele ya watu. Mwambie kwa heshima: "Kaka, nitakuja na nitasema neno, ila mdogo wetu achangie nguvu zake na ndizi za shambani, na sare iwe hiari." Wewe nawe toa unachoweza bila kurudi kikoba. Ukisikia anakasirika, mwache akasirike. Sadaka ya mama yenu haina kiwango alichokiweka mama.

Madeni ya nepi na miaka ile ya kutumiwa hela kwa kukumbukwa ni mazungumzo ya haki kabisa, lakini yaitieni kikao chake, ninyi wanne, baada ya wageni kuondoka. Usiyapeleke kwenye kipaza sauti. Watu watakumbuka aibu ya kaka yako, na mama atasahaulika katikati ya siku yake.

Sasa orodha. Orodha ya kaka yako usiichane, iongeze. Paulo anapofunga barua kwa Warumi, sura ya 16, anataja majina mengi, na humo wamo watu ambao hakuna kamati ingewaweka meza kuu: Mariamu, aliyejitaabisha sana, Priska na Akila, waliohatarisha shingo zao, na mama yake Rufo, ambaye Paulo anasema ni mama yake pia. Wanatajwa kwa walichokifanya, na Paulo hakuulizia vyeo vyao. Basi wewe mtaje binti yako wa kazi kwa jina lake, na useme alichokifanya: kwamba alikesha na mama. Kama inawezekana msafiri naye, akae na familia, asipelekwe jikoni. Mtaje mumeo. Mtaje mdogo wako. Diwani na wafanyabiashara washukuru kwa lile walilofanya kweli. Kama walichangia jeneza au usafiri, ni jambo, litaje. Kama hawakufanya kitu, watambulishwe na MC, shukrani zako zisiwaguse.

Umeniuliza useme nini. Sitakuandikia hotuba, maana mama ni wako, lakini kama mimi ndiye ningesimama pale ningesema karibu hivi: "Mama yetu aliugua miaka minne. Tuliomba apone na hakupona, na mpaka leo sijui kwa nini. Siwezi kumshukuru Mungu kwa ugonjwa ule. Ninamshukuru kwa mwanamke aliyebaki na watoto wanne na ng'ombe mmoja asitupe hata mmoja wetu. Ninamshukuru kwa hawa waliokesha naye, na majina yao ni haya. Ninamshukuru kwamba kiharusi kilimnyang'anya maneno yote kikashindwa kumnyang'anya ndaga." Kisha waite wenye sweta wasimame.

Lile neno la mama nakusihi usilitumie kujihukumu, kwamba yeye kitandani aliweza na wewe mzima huwezi. Alikuwa akikushukuru wewe, kwa mikono yako, kila mara ulipomgusa. Lipokee kama lilivyokuwa.

Jambo moja la mwili. Umesema unaona ile picha ya usiku wa mwisho, na naona unaandika barua usiku wa manane. Kama huo usingizi umekukimbia kwa miezi, au chakula hakishuki, nenda hospitali uombe kuonana na mshauri nasaha au daktari wa afya ya akili. Mwenye kovu usidhani kapoa, na waliouguza huchelewa kuugua wao. Kwenda huko hakupunguzi imani.

Neno lako liandike kwenye karatasi kwa herufi kubwa, umpe mdogo wako nakala kabla ya ibada kuanza. Koo likikukaza katikati, keti. Yeye ataendelea kuanzia ulipoishia.